Piano Haihemi

Mwalimu wetu wa muziki pale Nyegina alipigwa kiharusi, mkono wa kulia ukafa. Piano ya misheni nayo ilishaliwa na mchwa, kwa hiyo wawili hao wakabaki wanaangaliana tu. Jumapili watoto wake wangekuja kumchukua akaishi nao Butiama. Kabla ya kuondoka alitaka kitu kimoja: kuusikia tena ule muziki wa mapenzi, wa polepole, aliokuwaga anaupiga baada ya misa akidhani tumeshatawanyika.

Kazi ya kuupanga nikapewa mimi, maana nilikuwa najifanya najua. Vyombo tulivyokuwa navyo ni vya msaada: obo mbili na basuni moja, ukoo wa zumari. Unapuliza katikati ya vimwanzi viwili vyembamba hadi macho yanataka kudondoka.

Nikaandika kama ninavyoandikia kwaya: sauti ya kwanza, ya pili, besi. Pale Mwalimu alipokuwa anakanyaga pedali ya piano ili sauti zielee, nikavuta mistari mirefu tu: shikilia, shikilia. Kwenye kwaya si shida. Besi wako kibao. Mmoja akiiba pumzi, wenzake wanamfichia. Huku besi alikuwa mmoja, jamaa wa Bunda mwenye basuni, na wa kumfichia hayupo.

"Mura, hapa napumulia wapi?" akauliza kwenye mazoezi.

"Masikioni."

"Hivi umeandika muziki au umeniroga?"

Tukacheka. Lakini kila nilipokata noti wapate kupumua, muziki uligeuka mtu mwenye kwikwi. Nikairudisha mistari yangu. Mapafu nikamwachia Mungu.

Jumapili Mwalimu akawekwa kwenye kiti mbele yetu. Tukaanza. Mstari wa pili tu, wa basuni akaishiwa, akaacha. Obo ya kwanza ikalia kama bata aliyekanyagwa, ikanyamaza. Nikabaki mimi na obo yangu, sauti ya pili, ambayo peke yake haina maana yoyote. Nikaipuliza hivyo hivyo mpaka mwisho.

Mwalimu alikuwa anatutazama kwa uvumilivu.

"Haya wanangu," akasema, maneno yakimtoka kwa shida, "vyombo vimeshakaa sawa. Sasa anzeni."

Wa basuni bado alikuwa ameinama, anatafuta pumzi. Nje binti wa Mwalimu akaita, "Baba, gari iko tayari."

"Ndiyo, Mwalimu," nikasema. Nikaanza kupanga karatasi upya, taratibu sana, moja moja, mpaka wakaja kumbeba.