Muzafaru na Karai la Tatu la Mchanga

Muzafaru alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma pale Tororo, na kabla sijasema mengine niseme hili: jicho lake la kulia nililitoa mimi. Watu wa mtaa husema ilikuwa ajali. Waseme. Hawakuwepo jikoni kwangu.

Alikuwa mfupi, shingo nene, mwenye kuswali kwa saa zake. Kutoka Malaba mpaka Lumino hakuna aliyepinda bomba la chuma kama yeye. Ungempa lililonyooka kama msumari, akurudishie limekunjika kama mkono wa mtoto aliyelala, bila kubonyea hata mahali pamoja. Mimi nilikuwa na meza yangu ya njugu mbele ya karakana yake, kwa hiyo kazi yake nimeiona kwa macho, sikuhadithiwa.

Mwaka wa 1967 Cornelius, mnunuzi wa pamba, akamletea gari lake dogo la Morisi. Cornelius alikuwa anashindana kwenye mbio za magari za Pasaka, na kila mwaka anarudi wa nne, wa tano, mdomo umemshuka.

"Fundi, hili gari ni zito mbele kama ng'ombe mwenye mimba," alisema. "Ile fremu inayobeba injini na magurudumu, itoe. Nitengenezee ya mabomba, nyepesi."

Muzafaru akaingia chini ya gari, akakaa huko, akatoka na vumbi kichwani. "Inawezekana. Lakini ikikatika ukiwa mbioni, atakayezikwa ni wewe."

"Ndiyo maana nimekuja kwako, sikwenda kwa wale wa Busia."

"Wale wa Busia wanachomelea kwa mdomo," nikadakia, nao wakacheka.

Sasa, bomba ukilipinda tupu linabonyea. Lazima ulijaze mchanga, uzibe huku na huku kwa vizibo vya mti, ndipo uliweke motoni. Na mchanga wenyewe uwe mkavu kabisa, kwa sababu maji yakipata moto mle ndani yanakuwa mvuke, na mvuke hauombi njia. Mimi njugu zangu nilikuwa nakaanga kwa mchanga kwenye karai, kama tulivyofundishwa na mama zetu. Muzafaru akaona hakuna haja ya kuhangaika: mchanga wake wote nikawa namkaangia mimi. Miaka sita, na hakuna siku bomba lilimsumbua.

Siku ya fremu ile alitaka makarai matatu. Ilikuwa siku ya soko Busia. Nilikaanga la kwanza, nikakaanga la pili, na lori la kutupeleka sokoni likaanza kupiga honi. Kuni zilikuwa zimebaki mbili. Nikachota mchanga mbichi uliokuwa nje, chini ya ukingo wa paa, ambao usiku uliopita ulinyeshewa, nikauchanganya na ule wa moto. Ukapata joto wote. Kwa mkono ungesema ni mkavu.

"Mama Elinah, umekauka wote huu?"

"Fundi, kwani umewahi kula njugu mbichi kwangu?"

Akatia mkono, akasikia joto, akaridhika. Nikapanda lori.

Niliporudi jioni nilimkuta Madina, mke wake, amekaa mlangoni na kanzu ya mumewe yenye damu mapajani. Kizibo kiliruka kama risasi.

Muzafaru alikaa hospitali mwezi mzima. Aliyemwuliza alijibiwa hivi: "Kizibo nilikigonga vibaya. Mkono wangu umezeeka." Na tangu hapo hakupinda bomba tena. Cornelius alirudishiwa fremu yake nzito akaenda zake. Fundi mzima akawa anaziba sufuria na mabeseni. Mimi nikawa nampelekea uji. Madina ananiambia, "Mungu akulipe, dada yangu," nami natazama miguu yangu.

Miaka miwili ikapita. Cornelius akarudi kumwomba, akambembeleza mpaka nikaona haya mimi. Muzafaru akamnyooshea mkono wa kulia, akiutazama kama mbwa aliyemng'ata.

"Huu ulinitoa jicho, Cornelius. Ukikuua wewe nitamjibu nini mkeo?"

Cornelius akaondoka. Nikaacha njugu zinaungua, nikaingia karakana.

"Fundi, mkono wako hauna kosa. Karai la tatu sikulikaanga. Nilichanganya na mbichi, nikakimbilia lori."

Akaiweka chini sufuria aliyokuwa akiiziba.

"Miaka miwili," akasema. "Miaka miwili nauogopa mkono wangu mwenyewe, na wewe unaniletea uji."

"Nisamehe, Fundi."

"Jicho nimekusamehe. Jicho ni jicho. Hiyo miaka miwili sijui. Ondoa meza yako hapo mbele."

Nikaiondoa siku ileile.

Wiki iliyofuata mvukuto wake ulisikika mpaka stesheni, ninakouzia sasa. Fremu aliitengeneza, yote ya mabomba, watu wawili wakaibeba wakicheka kwa wepesi wake. Pasaka Cornelius alipita hapa wa pili, gari linaruka mashimo kama mbuzi, na fremu haikukatika. Muzafaru alikuwa amesimama na Madina upande ule wa barabara, mimi upande huu. Aliniona. Hakunisalimu.

Binti yangu Elinah ananisukuma niende nikamwombe tena. Nikamwombe nini? Nilichokuwa nacho nilikwisha kukisema, na nilichelewa kukisema. Anafanya kazi yake. Mimi sitamsumbua.