Kiti cha Bibi Mlimani

Kila nikipita duka la Wahindi hapa Ghubra, Maskati, moshi wa kafuri ukinipiga puani, nacheka peke yangu kama mwehu. Nakuwa tena na miaka saba.

Bibi alikuwa kaenda India, pamoja na baba na mimi, kuwekewa goti jipya, kisha akakataa kulikunja. Daktari kambembeleza, baba kambembeleza, wapi! Kabla hatujarudi Maskati, rafiki wa baba, Mhindi wa huko, akatupeleka kuona hekalu lao juu ya mlima. Ngazi hazina mwisho. Mahujaji wanapanda peku, wanaimba, wananukia kafuri na maua. Bibi akakodiwa kiti, kinabebwa na wanaume wanne mabegani.

Hatukufika mbali, Bibi akamwona mbebaji mmoja ana mvi kumshinda yeye.

"Nshusheni! Mzee kama huyu anibebe miye? Nna haya!"

"Mama, goti!" baba akalalamika.

"Goti langu au lako?"

Akapanda ngazi moja moja, kamshika baba bega, mguu wenye goti jipya umenyooka kama mwiko. Kiti kikabaki kitupu. Mimi huyo, ndani! Nikawapungia mahujaji mkono kama bwana harusi.

Kufika juu nikaruka chini kwa madaha. Kumbe miguu imekufa ganzi! Nikaanguka puu mbele ya umati.

Bibi akacheka mpaka mtandio ukamvuka. Kisha, bila kufikiri, akapiga magoti kuniinua. Yote mawili.

Baba alikuwa keshafungua mdomo kunigombeza. Akaliona lile goti jipya, akaangua kicheko.