Uzi wa Mashuka ya Arusi

Kudarizi kwa mashini nilijifunza kwa masista, muda mfupi kabla ya uhuru. Tulikuwa wasichana wa Uvira, kila mmoja na kitambaa chake kimebanwa kwenye duara la mbao. Miguu ilikanyaga pedali, mikono ikizungusha kitambaa huku na huku, na sindano ikichora ua au jani. Uhuru ulipofika, sista aliyetufundisha alirudi kwao. Mimi nikaolewa Kasenga, mtaa wa palepale Uvira, na baba yangu akanipa mashini ya kushona niende nayo. Msichana akiposwa pale mtaani, mama yake alikuja kwangu kuniomba mashuka ya maua.

Miaka michache baada ya uhuru, uasi ukatukuta. Mume wangu alikuwa amevuka mpaka kwenda Usumbura kutafuta kazi, na njia ya kurudi ikafungika. Mimi na mama mkwe tulikimbilia Lubarika, kwenye uwanda wa Ruzizi. Meza ya mashini na pedali yake tuliviacha. Kichwa cha mashini nilikifunga kwenye kitenge, nikajitwika.

Mama mmoja Mrundi, mjane, alitupokea yeye na binti yake. Mchana tulipalilia mihogo pamoja. Binti yule alinizoea haraka, akawa ananiita yaya, dada mkubwa. Alipenda nimsimulie habari za mashuka: maua ya rangi gani, ndege wanakaa upande gani wa foronya.

Siku moja wapiganaji wawili walikuja na turubai nzito. Walisikia kuna mashini. Walitaka mifuko ya kubebea risasi.

“Mashini hii ni ya nguo,” nikawaambia. “Turubai itaishinda.”

“Shona tu, mama,” mmoja akajibu. Hakupaza sauti. Bunduki ilikuwa magotini kwake.

Kwa kuwa hatukuwa na pedali, mama mkwe alizungusha gurudumu kwa mkono, mimi nikaongoza turubai. Sindano ilipinda, ikagonga bamba la chuma chini yake, ikavunjika. Nikaweka nyingine, nayo ikagonga. Tulishona hivyo mpaka mifuko ikatosha, wakaichukua wakaondoka.

Tuliporudi Kasenga, nyumba ilikuwa imesimama, lakini mbao za meza zilikuwa zimeishia jikoni kwa mtu kama kuni, ikabaki pedali ya chuma tu. Mume wangu alirudi, fundi seremala akatutengenezea meza mpya, nikaanza kushona tena: marinda, kaptula, nguo za shule. Mashini ilikwenda vizuri kabisa.

Ndipo yule binti wa Lubarika akaposwa na mvuvi wa Uvira. Alikuja mwenyewe, akakaa kwenye mkeka.

“Yaya, minye sitaki kintu ingine,” akasema. “Nataka zile mashuka ulikuwa unanisimulia.”

Nilifurahi kama naolewa mimi. Nikabana shuka jeupe kwenye duara, nikatia uzi mwekundu, nikaanza ua la kwanza. Uzi ukakatika. Nikautia tena, ukakatika kabla jani halijaisha. Nikapita upya njia yote ya uzi, toka kibiringo cha uzi mpaka tundu la sindano. Nikabadili sindano. Nikalegeza skrubu inayobana uzi. Maua yakalegea kama tambi, na uzi bado ukakatika.

Mama mkwe akauvuta uzi kwa vidole. “Hii uzi imezeeka,” akasema. “Imekaa sana mu joto.”

Mume wangu akaniletea uzi mpya kutoka ng’ambo. Nao ukakatika.

Nikaacha. Nilikunja shuka, nikamwambia mama mkwe kwamba tatizo ni mimi. Tangu ile turubai mikono yangu haikuwa ile ya zamani. Kushona mstari ulionyooka naweza, nikasema, lakini kudarizi kumenitoka.

Mama mkwe akalikunjua tena lile shuka. “Mikono yako iko muzuri,” akasema. “Minye naiona kila siku. Lete mashini hapa penye mwanga.”

Bibi arusi alikuwapo asubuhi hiyo. Tukakaa watatu mlangoni. Mama mkwe aliokota kipande cha uzi kilichokatika, akatuonyesha ncha yake. Haikuwa imekatwa safi. Ilikuwa imechambuka nyuzinyuzi kama mswaki wa mti.

“Iko kintu inaikwaruza,” akasema.

Tukaanza kutafuta. Niliuvuta uzi polepole kwa mkono, nikiupitisha sehemu moja moja. Juu ulipita laini. Kwenye sindano ulipita laini. Nikafungua bamba la chuma, nikaupitisha kwenye tundu ambamo sindano huingilia, nikauvuta upande huu na upande ule. Upande wa kushoto ukanasa.

Bibi arusi akaingiza ukucha wake. “Yaya, hapa panauma.”

Nikagusa. Ukingo wa tundu ulikuwa na makovu madogo, makali kama magamba ya samaki. Hapo nikaelewa. Ukishona mstari, kitambaa kinakwenda nyuma tu, na uzi haugusi upande ule. Ukidarizi, kitambaa kinakwenda kila upande, na uzi unasuguliwa palepale sindano zilipogonga siku ya turubai.

Nilicheka, halafu nikalia kidogo. Mama mkwe akachukua bamba.

Seremala alitupa kipande cha msasa laini kabisa. Tulikizungushia kijiti cha kiberiti tukasugua tundu kwa zamu, tukajaribu kwa uzi, tukasugua tena, mpaka uzi ukateleza bila kunasa. Nikafuta vumbi la chuma, nikatia mafuta, nikakaa kwenye pedali. Ua la kwanza likaisha. La pili nalo. Bibi arusi alikuwa ameshika mkono wa mama mkwe, akauachia nilipokata uzi mwenyewe kwa makasi.

Arusi ilikuwa ya kwanza kubwa mtaani kwetu tangu watu warudi. Mjane wa Lubarika alikuja na kapu la maharagwe, akayapapasa mashuka pande zote mbili, akauliza kwa nini ndege mmoja ni mnene kuliko mwenzake. Baada ya arusi, binti yake alihamia nyumba isiyo mbali na yetu, na mchana mumewe akiwa amelala kwa uchovu wa ziwa, alikuja kujifunza. Ua lake la kwanza lilifanana na chura. Mama mkwe aliliomba, akalishona kwenye kitambaa chake cha kichwa, akaenda nalo kanisani Jumapili.