Farasi Asiyepita Lango

Philura Deems alikuwa mchuuzi wa mayai na siagi, na ulimi wake ulifanya kazi kuliko mikono. Nasema hivyo kwa mapenzi. Nilikuwa jirani yake, na habari zote za bonde letu la Ohio nilizipata kwake kahawa ikiwa bado ya moto. Alikuwa mjane asiye na mtoto, ila alikuwa na Dorkas, farasi jike aliyembebea makapu yake nyumba kwa nyumba.

Kaka yake, Asahel, alikuwa anasubiri tu mambo yamharibikie. "Siku huyo farasi akikutoka, dada, utakuja kwangu unipikie na kunilelea wanangu." Wana wenyewe walikuwa kibao, na hakuna hata mmoja aliyejua kufuta kamasi. Philura aliliogopa jiko lile kuliko kaburi.

Basi Julai ya mwaka ule wa vita vya Kaskazini na Kusini ya Marekani, askari wapanda farasi wa Kusini wakavuka mto wakatuingilia. Jeshi la Kaskazini lilikuwa linawafukuza, kwa hiyo kila farasi wao aliyeishiwa nguvu walimwacha, wakamchukua wa mkulima. Waume zetu walikimbiza wanyama msituni. Philura alichelewa, kwani alikuwa ananimalizia habari za ndoa ya mchungaji akiwa juu ya mgongo wa Dorkas, na kijana mmoja mwenye masharubu machanga akatukuta langoni kwangu.

"Shuka, mama. Hivi ni vita."

"Vita gani vya kuibia wajane? Mama yako anajua uko huku?"

"Ndiye aliyenifundisha kupanda farasi."

"Angekufundisha na haya kidogo!"

Kijana akamwachia farasi wake, mrefu, mbavu nje, anachechemea, akaondoka na Dorkas. Philura alikaa chini palepale barabarani akalia. "Jiko la Asahel," alisema. "Nimekwisha mie." Nami nikalia naye, kwa maana ilikuwa kweli.

Hatujafuta machozi, tukasikia matusi huko mbele. Dorkas alikuwa amesimama kwenye lango la jirani yetu, Tamson Groves. Miaka yote alikuwa akisimama kila lango, apewe kipande cha mkate, kisha angoje maongezi yaishe. Kijana alimpiga visigino, akamvuta hatamu, akambembeleza kama mchumba. Dorkas anatazama mlango tu. Tamson akatoka kwa mazoea na kikapu chake cha mayai ya kumuuzia Philura, akayaona yale masharubu, akacheka mpaka mayai yakamwanguka.

Philura alifika mbio, sketi mkononi.

"Mama, huyu anaondokaje?" kijana akauliza, karibu kulia.

"Mpaka zipatikane habari za nyumba. Tamson, mguu wa mzee wako unaendeleaje?"

"Afadhali, shoga, ila ukimwambia akate kuni ndiyo unauma."

"Nitampiga risasi huyu farasi!"

"Mpige. Halafu umbebe."

Wenzake walikuwa wameshapita, na vumbi la wanaowafukuza lilionekana kilimani. Kijana akalitazama vumbi, akamtazama Dorkas, akaruka chini na kukimbia. Mpanda farasi wa mwisho akamdaka na kumpakia nyuma yake. Yule kijana alituvulia kofia kutuaga, nami nikampenda kidogo kwa hilo, Mungu anisamehe.

Habari mbaya haichelewi. Asahel alisikia farasi kaibwa, hakusikia yaliyofuata, akaja wiki ileile na gari lake la kukokotwa na farasi, kamba tayari za kufungia vitu vya dada yake. Akamkuta Dorkas zizini anatafuna nyasi, na pembeni yule farasi wa Kusini ameanza kunawiri.

"Nimekuja kukuchukua," akasema, sauti imempungua.

Philura alilizunguka gari, akapapasa magurudumu.

"Farasi sasa ninao wawili, kaka. Kilichokuwa kinanipungukia ni gari."

"Philura, gari hili langu!"

"Si umelileta linibebe? Basi litanibeba."

Walibishana mpaka jua likazama, kisha Asahel akarudi kwake juu ya farasi wake, bila tandiko.