Fundi Dafroza na nafasi ya ndoo mbili

Saa tatu asubuhi, Dafroza Nyamburi amelala kifudifudi kwenye sakafu ya mapokezi ya nyumba moja ya wageni huko Makoko, mjini Musoma. Kichwa na mabega vimeingia ndani ya kabati, miguu iko nje. Humo kabatini inatoka sauti.

"Nani amejaza tena? Jamani, nani amejaza tena maji humu?"

Dada wa mapokezi anainama kwenye daftari lake kana kwamba anaandika. Hilda, au Mama Onesmo, anayefanya usafi hapa, amesimama na ndoo tupu mkononi.

"Yalikuwa yamepungua, fundi," anasema taratibu. "Nimeongezea tu."

Dafroza anajitoa kabatini, anakaa sakafuni na kushika kichwa kwa mikono yote miwili. Ana miaka arobaini na mitatu, na kwa mwezi huu mmoja, kwa maneno yake mwenyewe, amezeeka kumi.

Yeye ni fundi vioo. Karakana yake iko Nyasho, na kwa miaka kumi na saba amekata vioo vya madirisha, milango ya maduka na meza za sebuleni. Kazi ya samaki hakuitafuta. Ilimfuata, ikaletwa na mzee Leodgar Ryoba, mwenye nyumba hii ya wageni, ambaye ujanani alifanya kazi bandarini Tanga na hajawahi kuwasahau samaki wa rangi aliowaona kule.

"Alinionyesha picha kwenye simu," Dafroza anasimulia. "Tangi la samaki wa baharini. Nikamwambia mzee, ziwa hilo hapo, hata jiwe ukirusha linafika, weka sato! Akasema sato anawalaga, hawatazami. Nitasema nini?"

Tangi la juu lenyewe halikumsumbua. Lina lita mia tatu, vioo vinene, kazi ya siku mbili. Kilichomtoa jasho ni tangi la pili, dogo, linalofichwa kabatini chini ya lile kubwa. Wenye kazi yao huliita sampu. Maji machafu hushuka humo kwa bomba, hupita kwenye soksi ya kuchujia, kisha pampu huyarudisha juu yakiwa safi.

Ndani ya sampu kuna kuta tatu za kioo zilizosimama karibu karibu. Maji hupanda juu ya ukuta wa kwanza, hupita chini ya ule wa kati, hupanda tena juu ya wa tatu. Kwa mzunguko huo mapovu yote hubaki nyuma, hayafiki kwenye pampu.

"Sasa mimi mara ya kwanza ule ukuta wa kati niliugandisha mpaka chini," anasema, na anajicheka kwa hasira. "Miaka kumi na saba nabandika kioo kisivujishe. Mkono ukaenda wenyewe! Ikabidi nibandue, niache nafasi ya vidole viwili chini. Nimekatwa hapa, tazama."

Hilo lilikuwa kosa lake, na analikubali. Yaliyofuata hayakubali hata kidogo.

Kwanza, gundi ya silikoni inataka siku mbili kukauka. Aliandika kwa chokaa kwenye kioo: MSIGUSE. Mzee Leodgar alipata wageni jioni ileile, akataka kuwaonyesha, akafungulia maji. Asubuhi zulia la mapokezi lilikuwa linaelea.

Pili, kuna jambo la umeme. Umeme ukikatika pampu inasimama, na maji yaliyo kwenye mabomba na sehemu ya juu ya tangi kubwa yote hushuka kwenye sampu. Ni kama lita arobaini, ndoo mbili za kawaida. Kwa hiyo sampu haijazwi. Ni lazima ibakie na nafasi ya ndoo hizo mbili, mchana na usiku.

Dafroza alichora mstari mwekundu kwenye kioo. Maji yaishie hapo. Yakipungua kwa jua na joto, yaongezwe maji baridi kidogo, yasiyo na chumvi, mpaka mstarini, basi.

Lakini Hilda amekulia Murangi, kijijini kando ya ziwa, ambako tangu mtoto ulikuwa ukichota maji unajaza. Kurudi nyumbani na ndoo pungufu ilikuwa aibu, watu wangekuuliza kama umeumwa. Akiona chombo kina nafasi, mkono unamwasha.

"Chombo kizima, maji yamefika katikati," Hilda anajitetea. "Mtu akiingia ataonaje? Atasema hapa hakuna mwanamke."

"Na mstari je?" Dafroza anauliza.

"Nilijua urembo."

Dafroza anamtazama mwandishi huyu kwa macho ya mtu anayeomba shahidi.

Ndivyo mafuriko ya pili yalivyotokea. Hilda alijaza hadi ukingoni, umeme ukakatika saa saba mchana, na maji ya chumvi yakatembea mpaka chumba namba nne, yakaloweka begi la mgeni aliyetoka Bunda. Mjini pakapatikana jina jipya: Fundi Mafuriko.

Jina angelivumilia. Ila habari ilifika Murangi, na huko kamati ya ujenzi wa kanisa ilikuwa imekwisha kumwahidi kazi ya madirisha yote, ishirini na mawili. Katibu akapiga simu: mama, tusubiri kwanza tuone. Kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupata ikaning'inia hivyo.

Na nani aliyepeleka habari Murangi?

"Mimi nilisema tu kilichotokea," Hilda anasema. "Niliulizwa habari za kazini."

"Ulisema nani alijaza?"

Hilda anapangusa kabati ambalo tayari ni kavu.

Mzee Leodgar naye amechoka. Ametoa neno la mwisho: Jumamosi saa tisa atazima swichi kubwa mbele ya kila mtu. Tone moja likigusa zulia, Dafroza abebe vioo vyake, na pale itawekwa televisheni. Samaki wawili wa rangi ya machungwa, walioletwa kutoka pwani, wanasubiri ndani ya beseni jikoni.

Leo ni Ijumaa. Dafroza amekwisha kueleza kwa mdomo, kwa mchoro na kwa kupiga kelele. Amechota maji ya ziada kwa kikombe, mpaka mstarini, na kuonja kama chumvi haijapungua sana. Saa saba anaingia jikoni, njaa imemshika, na kuona sahani ya ugali na sangara imefunikwa kwa sahani nyingine. Ananyoosha mkono.

Hilda anaupiga ule mkono. "Acha! Hicho kina mwenyewe."

"Nani? Hapa hakuna mtu."

"Cha Boniphace mlinzi, ametumwa mjini. Hajarudi tu. Kwetu mtu akiwa ziwani chakula chake kinafunikwa, hata mkiwa na njaa namna gani hakiguswi. Utamlisha nini akirudi?"

Dafroza anaitazama ile sahani. Halafu anamshika Hilda mkono, anamvuta mpaka mapokezi, anampigisha magoti mbele ya kabati.

"Mama Onesmo, tazama hapo juu ya mstari. Unaona patupu?"

"Naona."

"Pana mwenyewe! Ni maji yaliyo juu kule, hayajarudi tu. Umeme ukikatika yanarudi yote. Wewe kila asubuhi unawapa wengine sahani yake!"

Hilda anatazama tangi la juu, anatazama la chini. Anaweka mkono mdomoni.

"Ala! Sasa si ungesema hivyo tangu mwanzo, fundi?"

Dafroza anatoka nje kupunga hewa.

Jumamosi saa tisa, mapokezi yamejaa. Mzee Leodgar anazima swichi. Pampu inanyamaza na maji yanaanza kushuka. Yanafika kwenye mstari, yanaupita, yanapanda. Dafroza amefumba macho. Hilda ndiye aliyechuchumaa kabatini, anatangaza: bado, bado, bado. Kisha sauti ya maji inakoma.

"Yamerudi yote," Hilda anasema. "Na vidole viwili vimebaki."

Mzee Leodgar anapapasa zulia kwa kiganja, kila pembe. Kavu. Anasema tu kwamba sasa anafikiria na kamba wakubwa wa baharini, na Dafroza anamwambia kwa heshima zote akawatafutie fundi mwingine.

Jumatatu simu ya Dafroza inaita akiwa karakanani. Ni katibu wa kamati ya Murangi. Anasema jana, baada ya misa, wakati wa matangazo, Hilda alisimama mwenyewe bila kuitwa, akasema mafuriko yale aliyaleta yeye kwa ndoo yake, na fundi alikuwa amemkataza mara tatu.

"Mara tisa," Dafroza anasema kwenye simu.

Hata hivyo anaandika siku ya kwenda kupima madirisha. Akimaliza hayo ishirini na mawili, ana mpango wa kupanda basi mpaka Tanga, kwa sababu bahari hajawahi kuiona.

"Nataka nikaionje," anasema, akifuta kisu chake cha kukatia kioo. "Nimeipimia chumvi mwezi mzima kwa maneno ya watu. Na nikirudi nikute mstari wangu haujapitwa."

Pale Makoko, kwenye mlango wa kabati, kuna karatasi mpya iliyobandikwa kwa plasta. Mwandiko si wa Dafroza. Imeandikwa: MSIONGEZE. PANA MWENYEWE.