Umechoma, Mama Mugeta?

Mama Mugeta, jirani yangu hapa Bunda, ananigombeza tangu tukiwa vijana. Tukishavuna pamba, yeye hung'oa miti yote na kuichoma kabla hata ya kupumzika. Mimi, mvivu ninayejulikana kijiji kizima, huiacha isimame hadi afisa ugani apite. Basi yeye husimama mpakani mwa mashamba yetu, mikono kiunoni.

"Jilala! Funza wamelala humo kwenye vitumba vyako! Mvua ikinyesha wataamka, na shamba la kwanza kuliwa ni langu!"

Sijawahi kumshinda kwa maneno. Miaka sita iliyopita alikatwa titi kwa saratani, akatundikiwa zile dripu zinazong'oa nywele, akarudi shambani na kilemba chekundu na sauti ileile. Alipewa pia vidonge vya kumeza kila siku kwa miaka mingi.

Mwaka huu mgongo ukaanza kumuuma. Akasema ni palizi. Mwezi wa kwanza palizi, mwezi wa pili palizi, na palizi yenyewe ilishakwisha zamani. Nikamuuliza kuhusu vidonge.

"Nilikuwaga namezaga," akasema. "Si nimepona? Mwaka wa pili huu nimeviacha. Nimeze dawa ya ugonjwa sina?"

Niliogopa, sifichi. Nikampeleka hospitali Musoma mwenyewe, na njia nzima akanisema kuhusu miti yangu ya pamba.

Daktari, binti mpole aitwaye Tabitha, alituelezea taratibu. Saratani ya titi huweza kutawanya seli zake mapema, kabla hata titi halijakatwa. Zinajificha kwenye mifupa au mapafu, zinalala miaka mingi bila kipimo kuziona. Halafu siku moja zinaamka, zinazaana, na hata wataalamu hawajajua vizuri ni nini huziamsha. Vidonge vile huzinyima homoni inayozilisha.

Mama Mugeta akanigeukia mimi, si daktari.

"Jilala, kumbe na mimi niliacha miti imesimama."

Siku nyingine ningecheka hadi nianguke. Siku hiyo nilimfuata tu hadi chumba cha kupigia picha ya mifupa. Tukangoja majibu siku tatu.

Mifupa ilikuwa safi. Ni misuli tu, akasema daktari, labda kazi ya jembe.

"Si niliwaambia ni palizi?" akatamba Mama Mugeta. Lakini vidonge alivipokea kwa mikono miwili.

Tangu hapo kila jioni nasimama mpakani, mikono kiunoni, nalipiza miaka thelathini.

"Mama Mugeta! Umechoma?"

"Nimechomaa!" hujibu, na ulimi anautoa nje nihakikishe kidonge kimemezwa.

Juzi nilikawia mnadani kwa ajili ya ng'ombe mmoja mkorofi, nikasahau kabisa. Niliporudi nilimkuta mpakani, kidonge kiganjani, kikombe cha maji mkono wa pili.

"Mbona leo hunigombezi?" akaniuliza. "Nimekungoja."