Maswali ya Uani

Mimi nina sauti ya kuitia ng'ombe, na nilipokuwa askari wa magereza huko kwetu Korogwe, miaka ya vijiji vya ujamaa, niliionea fahari. Wafungwa wapya waliletwa kwangu uani, nami nikawauliza maswali ya daftari mbele ya kila mtu. Pembeni alisimama nyapara, mfungwa wa siku nyingi aliyegawa mablanketi na kupanga nani alale selo gani. Tulimwachia kazi hiyo kwa kuwa ilitupunguzia udhia.

Siku moja akaletwa mkata mkonge kutoka Magoma, mtu mzima lakini mwembamba, mpole wa maneno. Nikamuuliza kama ni mara yake ya kwanza. Ndiyo. Ana ndugu wa kuja kumwona? Akajibu kwamba wazazi wake walikuwa Kang'ata, wamehamishiwa kijiji kipya, hajui kipi. Nikatangaza huku nikiandika: "Hana mtu."

Maneno hayo mawili hayajanitoka. Huwa nayasikia hata nikitawadha.

Nyapara alimchagulia blanketi zito lisilo na tundu. Niliona, nikadhani ni utu.

Wiki ya tatu yule bwana aliacha kula, akaomba ahamishwe selo. Nami, mjinga mwenye funguo, nikamuuliza palepale kwenye foleni ya ugali, nyapara akiwa na upawa mkononi, "Huko selo kuna nini?"

Akatazama chini. "Hakuna kitu, afande."

Nikamrudisha kulekule. Mwezi uliofuata mfungwa mmoja mzee, siku ya kuachiwa kwake, alininong'oneza langoni kwamba nyapara humlawiti kila mgeni asiye na wa kumtembelea, wala hahangaiki kuchunguza, kwa sababu afande humuulizia. Nilimhamisha yule bwana siku ileile. Nyapara nikamshtaki kwa wakubwa, lakini yule bwana mwenyewe alipoitwa ofisini hakufungua kinywa, na mambo yakaishia hapo. Maji yalikwisha kumwagika.

Miaka mingi baadaye nilimkuta yule mkata mkonge sokoni Manundu, ametandaza mkeka, anauza viatu vya matairi. Aliniamkia kwa heshima. Moyo ulinijaa, nikamwomba radhi kwa yale ya gerezani, kwa sauti yangu hiihii, na wanunuzi wakageuka kututazama.

Akaanza kukusanya viatu vyake, kimoja kimoja.

"Hata leo, afande," akasema taratibu, "umeshindwa kunivuta pembeni."